Mama Sabuni na Mechi ya Ngao

Mimi nafua jezi za timu iliyobeba kombe. Mwanangu, kitinda mimba, anachezea timu iliyochukua ligi. Kila mwaka msimu hufunguliwa kwa mabingwa hao wawili kupimana ubavu kugombea Ngao, na safari hii ikawa ni mimi na mwanangu. Watu walinitania hadi wakanichosha: "Mama Sabuni, leo unamshangilia nani?" Nikawajibu kwamba nimeajiriwa kufua, kushangilia hakumo kwenye mkataba.

Misimu miwili mizima mwanangu alisugua benchi. Siku moja kabla ya mechi akanipigia simu. "Mama, kesho naanza. Nimekuwekea tiketi. Nikiingia uwanjani nitakutafuta kwa macho, usikose."

"Nikikosa ujue nimekufa," nikamwambia.

Sasa sikieni ujinga wa wanaume wazima. Msimu uliopita, siku ya fainali ya kombe, meneja wetu alifunga chumba cha kubadilishia nguo akasahau kwamba nimo ndani, nakunja mataulo. Niligonga mlango mpaka viganja vikawaka moto. Tukashinda mabao matatu kwa bila. Basi ikawa ndiyo dawa: Mama Sabuni akifungiwa, kikombe chetu. Nami nikacheka nao, nikapiga nao picha. Kosa hilo nalikiri.

Siku ya Ngao nilimwahi meneja asubuhi. "Baba, leo hapana. Leo mwanangu anacheza."

"Haina shida, mama. Tundika jezi za akiba tu, uende zako."

Mechi ikikaribia, nilikuwa na jezi ya nne mkononi niliposikia ufunguo ukizunguka.

"Wewe! Fungua!"

"Utatusamehe, mama. Vijana wako hapa koridoni, wamegoma kuingia uwanjani bila hivi."

"Mwanangu ananitafuta huko nje, mwanaharamu wee!"

Nikasikia viatu vyao vikienda zao. Simu yangu ilikuwa kwenye pochi, na pochi iko stoo ya kufulia. Dirisha lenyewe liko juu kabisa, lina nondo; nikapanda benchi, nikaona ukuta na tangi la maji. Jukwaa lilikuwa juu ya kichwa changu. Watu wakiruka, vumbi linamwagika kutoka darini juu ya jezi zangu safi. Likamwagika mara moja, jingi, na sikujua ni bao la nani. Nililia kwa hasira, mtu mzima nimekaa sakafuni kati ya ndoo na viatu.

Mapumziko wakaingia, vichwa chini. Nikaukimbilia mlango. Meneja akajibandika mgongo hapo, nikamng'ata mkono, lakini walikuwa zaidi ya ishirini. Kapteni akanipigia magoti. "Mama, tunafungwa moja. Ukitoka tumekwisha."

"Nani kafunga?"

Kapteni akaanza kuinuka. Nikamshika jezi. "Nani?"

"Mwanao, mama."

Jamani! Bao la kwanza la mwanangu, nami nimelipokea kama vumbi. Nikawasihi, nikawatukana, nikawataja mama zao mmoja mmoja. Wakatoka kwa zamu, migongo yao ikiziba mlango, na ufunguo ukazunguka tena.

Kipindi cha pili vumbi likamwagika mara moja tu. Kisha nikasikia filimbi, kimya, kelele; filimbi, kimya, kelele. Nikajua ni penalti. Nikaziba masikio nikamwombea mwanangu, nimekalia jezi za adui zake.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Hawakunipa nafasi ya kusimama. Walininyanyua mzobemzobe, wakanipandisha mabegani, wakanitoa mbio mpaka katikati ya uwanja, uwanja mzima unaimba "Mama Sabuni! Mama Sabuni!"

"Nani kakosa?" nikamuuliza kapteni, nimemshika nywele.

"Mwanao! Kapaisha ya mwisho!" Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

Nikamwona. Alikuwa amekaa peke yake kwenye nyasi, amejifunika jezi usoni. Aliposikia jina langu akaishusha. Macho yake yakanipata huko juu, walioshinda wakinirusha na kunidaka.

"Nishusheni! Nishusheni, ni mwanangu!" Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakatika.

Wao wakadhani ni vigelegele, wakanirusha juu zaidi.