Furushi Kwenye Lami

Jumamosi ile Mama Brigitte alifungua furushi lake. Asiyejua atasema furushi ni furushi tu, lina nini? Lina kila kitu. Tangu alipokimbia vita kijijini kwao upande wa Djugu na kuja kukaa Bunia kwa binti yake Séphora, mama yule hakuwahi kulala bila furushi kufungwa na kuwekwa kando ya mlango, viatu juu yake vikitazama nje. Ndani kulikuwa na vitenge vyake, shuka na sufuria ndogo. Séphora alimnunulia kabati, kabati likakaa tupu. Akambembeleza, akamletea mchungaji, wapi. Ndipo siku hiyo, bila kuambiwa na mtu, mama akakaa kitandani, akalegeza fundo, akapanga nguo zake kabatini moja baada ya nyingine.

"Nimechoka kukimbia," alisema. "Nitafia hapa kwako."

Séphora alikwenda jikoni akalia kwa furaha, kisha akachinja kuku.

Sasa njoo uone wanaume. Jean-Claude, mumewe Séphora na baba wa binti yao Ketsia, muuza vipuri, alikuwa na gari dogo, Starlet nyekundu iliyopitia mpaka wa Mahagi ikiwa kuukuu, akaipachika turbo, akaipamba kama bibi harusi. Si hayo tu. Aliitengeneza kwamba ukiondoa mguu kwenye mafuta, ekzosi inapasua: paa, paa-paa. Eti vijana wanapenda. Mtu aliyewahi kulala mtaroni akiwafunika watoto wa jirani kwa mgongo wake, risasi zikipita, leo analipa fundi ili gari lake litoe mlio uleule. Séphora alipofikiria jambo hilo damu ilimchemka.

Rafiki yake Léon, mfanyabiashara wa saruji, yeye alileta kutoka Kampala gari la umeme, jeupe, pana, lisilo na sauti. Alijisifu kwamba halinywi tone la mafuta. Kweli, halinywi, jenereta ya nyumbani kwake ndiyo inayolinywea.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Léon alisema mbele ya wote, "Jean-Claude, ile yako ni debe tupu. Iko nalia sana, lakini haiendi."

Watu walicheka. Jean-Claude, ambaye dakika chache kabla alikuwa akiimba juu ya upole, akakubali mashindano palepale. Na wapi? Kwenye kile kipande cha lami kilichonyooka, kinachopita mbele ya nyumba yake mwenyewe kuelekea uwanja wa ndege.

Séphora alimzuia getini.

"Baba Ketsia, hapana hapa. Mama alifungua furushi jana. Muende njia ya Bogoro, mukimbizane kule mpaka muchoke."

"Kule lami iko wapi? Hii ni kitu ya kidogo tu, Mama Ketsia. Tunaenda, tunarudi."

"Na ile kelele?"

"Sitaipiga. Mama analala, hatasikia kitu."

Séphora alitaka kumnyang'anya ufunguo. Hakumnyang'anya, kwa sababu watu walikuwa wakitazama.

Kijana mmoja akashusha kitambaa. Gari la Léon halikuanza, liliondoka. Hakuna gia ya kupanda, hakuna kungoja. Lilikuwa hapa, mara liko kule, na watu hata hawajamaliza kufungua vinywa. Starlet ilivuta pumzi kwanza, kama mtu anayetafuta viatu vyake, kisha turbo ikaamka, na ilipoamka iliamka kwelikweli. Ikalikimbilia lile jeupe, ikala nafasi yote, pua yake ikafika kwenye mlango wa nyuma wa Léon. Njia ikaisha. Lakini Jean-Claude kila alipobadili gia alikuwa ameinua mguu, na kila alipoinua mguu, ahadi aliyompa mkewe ilipasuka barabarani. Paa. Paa-paa-paa.

Hakuna aliyepiga kelele. Bunia watu hawapigi kelele kwa mlio kama huo, wanaondoka. Mama wa mandazi aliacha karai likichemka. Milango ilifungwa. Hata wale vijana waliokuwa wakishangilia walijikuta wamelala mtaroni, wakitazamana kwa aibu, lakini hakuna aliyeinuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mji huu umeumwa mara nyingi.

Séphora alikimbilia chumbani kwa mama yake. Mlango wa kabati ulikuwa bado unayumba. Ndani hamkuwa na kitu.

Na wale wawili? Léon mwenyewe alikuja kusimulia baadaye. Walirudi mwanzoni wakibishana, Jean-Claude akisema tairi liliteleza, lazima warudie. Wakaona barabara nyeupe, hakuna mtu, hakuna pikipiki. Jean-Claude akasema, "Ona, wametuachia njia." Alidhani ni heshima.

Wakaondoka tena.

Mama Brigitte alikuwa katikati ya lami, furushi kichwani, akikimbia kwa miguu ile inayouma kila asubuhi. Séphora alikuwa nyuma yake akimwita. Masikio ya mama yalikuwa kwenye milio ya Starlet, kwa hiyo alihamia upande wa pili ili kuikwepa, na upande wa pili ndiko lilikokuja lile gari lisilo na sauti. Léon alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama likiwa limegusa kitenge chake. Mama alianguka mwenyewe, kwa woga, na furushi likapasuka.

Jean-Claude alisimama mbele kidogo, akashuka. Mungu amsamehe, neno lake la kwanza lilikuwa, "Léon, nilikuwa nimeshakupita."

"Mama ndiye alishinda," Séphora alisema. "Ninyi wote mulimukuta mbele."

Ndipo Jean-Claude alipoona kilichotapakaa barabarani: sufuria, shuka, na nguo za ndani za mama mkwe wake. Mkwe hagusi vitu vile, wala havitazami. Akageuza uso, akasimama hivyo kama mtoto aliyeadhibiwa, huku mkewe akiokota peke yake.

Nyumbani mama hakulisogelea kabati. Alilifunga furushi upya, akaliweka kando ya mlango, akapanga viatu juu.

Jean-Claude alikuja hadi kizingitini. "Mama Ketsia, ilikuwa mchezo tu."

Séphora alitandika kitenge chake sakafuni, akaweka nguo zake na za binti yao Ketsia, akavuta ncha na kufunga, kwa makusudi, ili mumewe aone na aumie. Hakuwa na nia ya kwenda popote.

Mama Brigitte alimtazama, akalivuta furushi la binti yake, akalijaribu fundo kwa mkono.

"Hii iko mulegevu," alisema taratibu. "Itafunguka mu njia. Leta, nikuonyeshe."