Baba Yake Ishmael

Ogari alipokuja kwangu Masimba kuniambia anataka kumwoa binti yangu Valentine, nilimuuliza swali ambalo mama yeyote wa huku angeuliza: ninyi ni watu wa nani? Akanitajia baba yake. Akanitajia babu yake, marehemu Ishmael wa Nyamarambe. Halafu akaanza kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Na Ishmael alizaliwa na nani?"

"Hapo sijui, Mama. Nyumbani hawapendangi kuulizwa."

Hawapendi kuulizwa! Kijana ana digrii mbili, anajua bei ya kila simu iliyoko dukani, lakini baba ya babu yake hamjui? Kwetu hatuoani ndani ya ukoo mmoja, na mtu anayeficha alikotoka ana sababu yake. Nikamwambia ale ndizi, tutaongea.

Alipoondoka, Valentine akaninunia. "Mama, wewe hata malaika akikuja utamwitisha kitambulisho."

"Nitamwitisha, na picha nitaiangalia vizuri."

Nilifanya mzaha, lakini moyo haukutulia. Valentine ndiye mtoto wangu wa pekee, na baba yake alishafariki. Nikimwozesha vibaya, lawama yote ni yangu.

Nilianza na programu za mazishi. Huku kwetu hatuzitupi. Kila kabati lina rundo lake, na historia ya marehemu imo humo tangu kuzaliwa. Mama mmoja wa kanisani kwetu, mzaliwa wa Nyamarambe, alikuwa na ya Ishmael. Wengine huandikwa mwana wa fulani na fulani. Huyu aliandikwa kuwa alizaliwa "katika nyumba ya Bonareri." Basi. Nyumba haizai mtoto, nikasema peke yangu jikoni. Kuna mtu alikaa chini akafikiria sana jinsi ya kuandika hivyo.

Nikaenda Nyamarambe. Karani wa kanisa lao, bwana mmoja mpole aitwaye Ochoki, alinifungulia kitabu cha ubatizo kilichokuwa kinachanika. Mahali pa baba ya Ishmael paliandikwa Bonareri, jina la kike. Mahali pa mama paliandikwa jina la mwanamke mwingine.

"Hapa mwandishi alichanganya," Ochoki akasema.

"Hakuchanganya," nikamwambia.

Desturi hiyo naijua. Mjane asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari, anamwoa msichana, na watoto wa msichana huyo wanahesabiwa wa nyumba ya mjane na marehemu mumewe. Hakuna aibu hapo. Mtu mwenye adabu angeishia hapo, akafunga kitabu, akaanza kutafuta watu wa kupika. Mimi nikazidi kushuku. Bonareri alitoa ng'ombe, sawa, lakini kuna mwanamume aliyekuwa akiingia katika boma hilo, na nilitaka jina lake.

Ochoki alinielekeza kwa Orpah, dada yake Ishmael, ambaye bado yu hai. Nilimkuta mlangoni akimenya ndizi. Nikamwita Magokoro, yaani bibi, kama tunavyowaita wazee wa umri wake, nikaketi, nikauliza.

"Ng'ombe ilitoka kwa Bonareri," akasema. "Watoto ni ya Bonareri. Hiyo ingine haiulizwangi."

"Nina binti, Magokoro. Lazima nijue damu."

Akaniangalia sana. "Wewe ulizaliwa wapi?"

"Ikonge."

Kisu kikasimama. "Ikonge kwa nani?"

Nikamtajia baba yangu. Sasa yeye ndiye aliyekuwa ananipima, na sikupenda hata kidogo.

"Rudi nyumbani, mtoto wangu," akasema polepole. "Wacha vijana waoane."

Nikajua ananificha kitu. Nikamwambia siondoki, hata kama nitalala hapo mlangoni.

"Umekataa? Haya. Alikuwa fundi ya kuezeka nyasi. Alikuwa anakuja huku kuezeka manyumba, akimaliza anarudi kwa mke wake Ikonge. Alizaa Ishmael, akanizaa mimi. Jina lake Manasseh."

Manasseh ni babu yangu, aliyemzaa baba yangu. Mzee wa kanisa, aliyetuchapa kwa kucheka siku ya Sabato! Ogari ni kitukuu wake. Valentine pia ni kitukuu wake.

"Basi wewe ni shangazi yangu," nikasema.

"Kwa ng'ombe, hapana." Akarudi kwenye ndizi zake. "Kwa damu, umejitafutia mwenyewe."

Valentine alikuwa ananingoja sebuleni. Nilifikiria kumdanganya, nikashindwa. Nikamweleza yote. Nilidhani atalia, lakini akaniuliza swali.

"Huyo mwanaume angekuwa babu ya Ogari peke yake, mtu tu alikuwa anaingia kwa boma ya watu, ungesema aje?"

"Ningesema hakuna harusi na watu wa namna hiyo."

"Na sasa ni babu yako?"

Niliona aibu mbele ya mwanangu, na niliogopa. Kwa ng'ombe, watoto hawa hawahusiani kabisa. Kwa damu, nimewaunganisha mimi mwenyewe, kwa nauli yangu, na hakuna aliyenituma.

Valentine akachukua simu, akabonyeza namba, akaniwekea mkononi. "Mwambie wewe. Wewe ndiye ulikuwa unataka kujua."

Ogari alipokea mara moja. "Mama! Karani ameniambia ulifika kwetu. Ulipata hilo jina?"

"Nililipata," nikasema. "Ni la kwetu."

Akacheka kwa furaha, maskini, akanishukuru mara mbili, akidhani nimemkubali.