Meza ya Maji Katikati ya Barabara

Kwa mwezi mzima meneja wa usafirishaji alinificha njia ya baiskeli zake, na mimi nikamficha njia ya wakimbiaji wangu. Ofisi zetu zilitenganishwa na ukuta wa mbao tu. Akipiga simu, nilinyamaza nimsikilize. Nikifungua droo yangu, alikohoa.

Kiwanda chetu cha sabuni kilikuwa kinapunguza mameneja. Mkurugenzi alituita, akasema kila mmoja wetu aandae shindano la hisani kwa ajili ya kliniki ya mazoezi ya viungo, yote mawili asubuhi moja. Atakayeongoza watu bila fujo ndiye atakayebaki. Mwingine atahamishiwa ghala la mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Mimi nilikuwa na sababu ya kubaki. Mama yangu alipata kiharusi mwaka uliotangulia, naishi naye, na kliniki hiyo hiyo ndiyo inayomrudishia mkono wake wa kushoto, kidole kimoja kimoja. Kule ghalani hakuna kliniki. Kuna ghala.

Yule mwenzangu walimwita Kamanda, kwa sababu hata chai aliagiza kwa sauti ya gwaride. Mimi aliniita Bi Rula, na jina likanasa kiwanda kizima. Sikulichukia. Kweli napenda kupima. Njia yangu ya kilomita kumi niliipima kwa miguu, nikisukuma gurudumu la baiskeli nililolifunga kwenye mpini wa ufagio, na kitambaa chekundu kwenye waya mmoja ili nione kila mzunguko. Kila mizunguko mia nilihamisha kifungo kimoja cha shati kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Vifungo arobaini na saba, na mizunguko sitini na miwili juu yake. Nilirudia mara tatu.

Asubuhi ya shindano nilikuwa kwenye makutano ya kilomita ya nane, penye meza ya maji. Mama alikuwa hapo kwenye kiti chake cha magurudumu, kofia ya kiwanda kichwani, akipanga vikombe kwa mkono wa kulia na kuvisogeza kwa ule wa kushoto. Wakimbiaji mia tatu na kidogo walikuwa wameondoka saa moja kamili. Mkurugenzi alisubiri uwanjani, kwenye mstari wa mwisho.

Askari wa barabarani, mama mmoja mnene mwenye filimbi, alinisogelea na karatasi mbili.

"Samahani dada, wewe ni wa miguu au wa baiskeli?"

"Wa miguu, afande. Baiskeli zipi?"

"Hizi hapa. Wote mmeomba makutano haya. Nilidhani mmepanga pamoja, si kiwanda ni kimoja?"

Nilisoma barua ya Kamanda. Baiskeli zake zingeshuka ule mteremko mrefu ulio kulia kwetu na kukata njia yangu pale pale niliposimama. Nilikodoa macho kwenye saa iliyoandikwa: saa mbili na robo. Nikashusha pumzi. Kufikia hapo hata wa mwisho wangu angekuwa ameshapita.

Hata hivyo nilimpigia Kamanda. Hakupokea. Nikapiga tena, na tena.

"Anadhani unamringishia," Mama akasema. "Mwache."

Saa moja na dakika thelathini na nane, simu yangu ikalia. Ni yeye, anapiga kelele juu ya upepo.

"Bi Rula! Toa watu wako kwenye makutano! Tunakuja!"

"Barua yako inasema saa mbili na robo."

"Nimewaondoa mapema! Nilitaka nimalize kabla yako. Sasa wamenipita, unanisikia? Gari langu la mbele wamelipita! Siwezi kuwasimamisha!"

Simu ikakatika.

Nilitazama juu. Barabara ilikuwa tupu hadi kwenye kona, imetulia kama haijawahi kupitwa na mtu. Nikatazama kushoto. Wakimbiaji wa kwanza walikuwa wametokeza, kama mita mia tatu hivi, na nyuma yao kundi kubwa.

Miezi miwili nyuma, Kamanda huyu huyu alinipigia simu kuniambia kikao cha mkurugenzi kimesogezwa mbele kwa saa moja. Hakikuwa kimesogezwa. Niliingia watu wote wameketi, na mkurugenzi akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye Kamanda alisema alikosea. Labda alikosea kweli, sijawahi kujua.

Na sasa, nikisimamisha mbio bure, fujo itakuwa yangu mimi. Mkurugenzi ataisikia kabla jasho halijakauka.

"Afande, utawazuia?"

"Magari nazuia. Hawa wako mia tatu, mimi nina filimbi moja. Wewe ndiye wanayekujua. Unasemaje?"

Nilitazama tena ule mteremko.

"Hapa si ndipo gurudumu lilipokukimbia?" Mama akauliza.

"Nini?"

"Siku uliyorudi goti limechubuka. Si ulisema ulipanda juu kujaribu kupitisha mbio huko, ukakuta mteremko unalivuta gurudumu, likakuponyoka?"

Ni kweli. Njia ya kwanza niliyoifikiria ilipita juu kule, nikaiacha kwa sababu hiyo. Kwa macho mteremko ule ni wa kawaida. Kwa mkono niliusikia ukivuta, mpaka mpini ukanitoka, na gurudumu likavuka makutano haya peke yake na kugonga ukuta wa ng'ambo. Halikuwa na mtu juu yake.

Kamanda anaweza kusema uongo. Mteremko nilishaupima.

"Mama, shika breki ya kiti chako."

Nilishika meza upande mmoja, afande akashika mwingine, tukaiburuta hadi katikati ya njia ya wakimbiaji. Vikombe vikamwagika. Afande akapiga filimbi mpaka mashavu yakamvimba. Mimi nikasimama mbele ya meza na mikono juu.

Wa kwanza kufika alikuwa mwoka mikate, aliyejifua miezi mitatu kwa mbio hizi.

"Dada Rula, umelewa? Toa meza!"

"Simama. Baiskeli zinakuja."

"Ziko wapi?"

Sote tukatazama juu. Hakuna kitu. Wakafika wengine, kumi, ishirini, wanahema, wanarukaruka pale pale. "Ndiyo mambo gani haya?" "Nilikuwa nakimbia vizuri maishani mwangu kwa mara ya kwanza!" Nyuma walikuwa wanasukuma, na meza ikaanza kunisukuma mimi. Nikahesabu kimoyomoyo, kama nahamisha vifungo. Kumi. Ishirini. Thelathini. Mwoka mikate akainama apite chini ya mkono wangu.

"Utapita juu yangu!" Mama akamfokea kutoka kandoni, na sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu augue. Mwoka mikate akasimama wima.

Arobaini na moja.

Hazikuja na kelele. Ulikuwa mvumo tu, kama kitambaa kirefu kinachochanwa, kisha zikatokeza kwenye kona zote pamoja, vichwa chini. Zilipita mbele yetu kwa upana wa barabara nzima. Nilihisi upepo wake usoni. Moja ikakanyaga kikombe kilichoangukia njiani, ikayumba, ikayumba tena, ikanyooka. Halafu barabara ikawa tupu.

Mwoka mikate aliinua upande mmoja wa meza mwenyewe.

Gari la Kamanda lilifika baadaye. Alishuka, akatazama vikombe vilivyopondwa, akatazama wakimbiaji wanavyoondoka, akaketi kwenye ukingo wa barabara.

Uwanjani malalamiko yalitutangulia. Mkurugenzi alitukunjia uso sote wawili.

"Nani alisimamisha mbio?"

"Mimi," nikasema. Sikuongeza kitu. Sababu ilikuwa ya Kamanda. Niliona aitoe mwenyewe au asiitoe.

Alitazama viatu vyake mpaka nikakata tamaa naye.

"Alisimamisha kwa sababu yangu," akasema mwishowe, bila ile sauti ya gwaride. "Niliwaondoa mapema bila ruhusa. Na ule mteremko niliupita kwa gari tu. Kwa gari hauonekani."

Barua zilitoka Jumatatu. Yangu ilisema nabaki, na chini yake onyo la kuficha njia. Niliona ni haki.

Kamanda alikuja na boksi la vitu vyake kwapani, akaweka ramani yake mezani kwangu.

"Ungenionyesha," nikamwambia.

"Na wewe ungenionyesha." Akajikuna shingo. "Mke wangu ameshaanza kufunga mizigo. Anasema huko ghalani sina wa kumwamrisha ila magunia, labda nitapumzika." Akafika mlangoni, akageuka. "Msalimie mama. Mwambie nilimsikia mpaka ndani ya gari."

Hakuweza kumsikia, alikuwa bado mbali. Lakini salamu niliifikisha kama alivyoisema.

Jumapili iliyofuata nilichukua gurudumu langu na ramani yake, nikaenda kuipima njia ya baiskeli tangu mwanzo. Nilipofika kwenye mteremko, nililishika kwa mikono miwili.