Karani na Chumba Kinachomeza Watu

Kuhama kulikuwa kumeshaanza. Vitanda vimeshuka, sufuria zimeshuka, na dereva wa pikapu alikuwa chini anapiga honi kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Juu, ghorofa ya sita, ilibaki cherehani ya mama fundi, binti yake, na mbwa mmoja mzee aliyeganda kwenye ujia kama amepigiliwa misumari.

Mbwa huyo walimwita Karani, kwa kuwa hakuna mgeni aliyepita mlangoni bila kukaguliwa na pua yake. Na miaka yote hiyo, kitu kimoja pua ilishindwa kukielewa: lifti.

Sisi tunajua ni sanduku linalopanda na kushuka. Karani hakuona kitu kikipanda wala kushuka. Aliona ukuta unafunguka, mtu anaingia, ukuta unajifunga, kunanguruma. Ukifunguka tena yule hayupo, anatoka mwingine. Aliingia mzee na gazeti lake, akatoka mwanamke na kapu la vitunguu. Basi chumba kile kinameza watu na kutapika wengine. Yeye mwenyewe alikipanda kwa kupakatwa tu, kichwa kakificha kwapani kwa mama fundi.

Wiki tatu nyuma mama fundi alianguka akavunjika nyonga. Wanaume wawili wakamwingiza humo kwenye machela. Karani alikaa pale mpaka kesho yake. Ukuta ulipofunguka, akatoka binti: harufu ileile ya ukoo, sauti ileile, ila imepunguzwa miaka thelathini. Mama kaenda mzima, karudishwa nusu. Tangu hapo chakula kilimshinda Karani.

"Twende, Karani baba," binti alisema. Cherehani kaikumbatia, simu kaibana kwa bega, kitanzi cha kamba ya mbwa kakivaa mkononi. "Twende kwa mama. Umemsahau mama?"

Simu ikafoka kwa sauti ya dereva: "Dada, mimi nitakuacha! Unabembeleza mbwa au mkwe?"

"Subiri bwana, anaaga nyumba."

Ukuta ukafunguka. Binti akaingia kinyumenyume akivuta. Karani akakita kucha kwenye saruji, akakalia mkia wake. Simu ikateleza begani, binti akainama kuidaka, milango ikakutana.

Milango ile ikigusa mkono au mguu hurudi nyuma. Kamba nyembamba haikuiona kuwa kitu.

Kukanguruma. Kamba ikaanza kumezwa, taratibu kwanza. Karani akaburutwa hadi pua ikagonga chuma. Halafu kamba ikavutia chini, shavu likabanwa sakafuni, mkanda wa shingoni ukamkaba koo. Alitaka kubweka, pumzi ya kubwekea haikuwepo. Chini yake alisikia cherehani ikianguka kwa kishindo na binti akipiga mayowe: "Mkono wangu! Simama! Simama, shetani we!" huku akipiga vitufe vyote kwa ngumi. Karani alielewa jambo moja tu: chumba kimemshika binti, na sasa kinamtaka yeye.

Macho yakaanza kuingia giza. Akaikanyaga milango kwa miguu ya mbele, akajivuta nyuma kwa nguvu zote zilizobaki. Sikio la kushoto likachanika, mkanda ukamvuka kichwa, ukaingia kwenye ufa na kupotea. Angekuwa na unene wake wa zamani, usingevuka. Wiki tatu za kugomea chakula zilikuwa zimemwachia nafasi ya vidole viwili shingoni.

Mayowe ya binti yakashuka, yakawa madogo, yakakatika.

Karani akakojoa palepale alipokuwa. Hakukimbia. Mtu wake kamezwa. Lazima angoje aone atatoka nani. Kukanguruma tena, kwa kuwa katika vitufe alivyopiga binti kilikuwamo cha ghorofa ya sita. Ukuta ukafunguka. Cherehani imelala ubavu, simu inasema peke yake, "Dada? Dada, vipi?" Mtu hakuna. Safari hii hata nusu hakurudishiwa.

Sauti iliyomtoka iliwafanya majirani wafungue milango.

Mara vishindo nyuma yake, upande wa ngazi. "Karani! Karani, uko hai?" Akageuka meno nje. Binti alikuwa amechomoka lifti iliposimama ghorofa ya tano, akapanda mbio. Karani akamnusa vidole vya miguu, magoti, mkono uliovimba. Ni yuleyule. Akaanza kunusa upya, maana aliyemezwa hajawahi kurudi akiwa yuleyule, tena kwa njia nyingine.

"Ni mimi, mjinga wewe," binti alisema, akaketi sakafuni akalia. "Nimekuumiza, baba. Ni mimi."

Walishuka kwa miguu, ngazi kwa ngazi, ghorofa zote sita. Dereva alipanda mwenyewe kuchukua cherehani na hakutania tena siku ile. Mkono wa binti ulikaa na bandeji mwezi mzima. Kazini kwake anapanda ngazi hadi leo. Mama fundi alitoka hospitali, anaishi kwa bintiye, nyumba isiyo na ghorofa, anatembea kwa gongo na kushona mashuka. Karani alimnusa karibu nusu saa kabla ya kukubali. Aliishi mwaka na miezi minne zaidi, sikio limegawanyika pande mbili, akafa kwa uzee chini ya meza. Lifti ile bado inafanya kazi.