Mfupa Ndani ya Plastiki

Mwaka 1994, pale Lupiro, mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga ulikatika ukamchapa Brigita kwenye paji la uso. Madaktari walitoa vipande vya mfupa vilivyosagika, wakashona, akapona. Lakini juu ya jicho la kushoto lilibaki shimo la kuingia kidole gumba, na ngozi yake ilikuwa ikipigapiga kama utosi wa mtoto mchanga.

Mwaka uliofuata akaja Ifakara daktari wa upasuaji aitwaye Ndaki. Alimpa Brigita kipande cheupe cha plastiki, chepesi kama ganda la yai.

"Hiki ndicho kitaziba shimo."

Brigita akakigeuzageuza. "Mbona kimejaa vitundu, Daktari? Kizima hakikupatikana?"

Ndaki akacheka. "Vitundu ndivyo tunavyovitaka, mama. Mishipa ya damu itapenya humo, kisha mfupa wako utaifuata."

"Mfupa uote ndani ya plastiki? Umeshaona kwa macho yako?"

"Nimesoma, na nimeona picha. Kwa mgonjwa wangu mwenyewe, bado."

Jibu hilo lilimpendeza Brigita kuliko yote aliyowahi kupewa hospitali. Akakubali. Plastiki ikalainishwa kwenye maji ya moto, ikakunjwa kufuata umbo la paji, ikafungwa kwa skrubu mbili. Kidonda kilipokauka, uso ulikuwa sawasawa.

Swali ndilo lililobaki. Wakipalilia mpunga, alikuwa akiubonyeza uso na kumuuliza mumewe, Eustaki: "Hapa ni mimi au ni plastiki?"

"Ni wewe," Eustaki alisema. "Plastiki isingeniuliza kila siku."

Baada ya miezi kumi na minne kichwa cha skrubu moja kikaanza kuinuka chini ya ngozi. Brigita akavuka mto kwa pantoni kurudi Ifakara. Ndaki alimchoma sindano ya ganzi, akapasua palepale juu. Brigita alikuwa macho, akisikiliza chini ya kitambaa cha kijani. Skrubu zote mbili zilitoka. Daktari akajaribu kuitikisa ile plastiki kwa koleo.

"Haichezi," alimwambia nesi. Akachonga ukingoni kipande chembamba, halafu akaomba pamba.

"Kuna nini?" Brigita aliuliza.

"Inatoka damu."

"Umenikata vibaya?"

"Hapana, mama. Ni plastiki ndiyo inayotoka damu."

Walipomaliza kumshona, nesi alitaka kumpeleka wodini. Brigita akakataa mpaka akione kile kipande. Wakaenda kwa Polycarp, fundi wa maabara, ambaye hadubini yake ilikuwa ya kukagulia mbu. Polycarp akasogeza mbu wake pembeni, akakiweka kipande chini ya taa.

Brigita alifumba jicho moja. Aliona vitundu vyeupe vilivyosongamana, na ndani yake nyuzi nyekundu nyembamba zimejipinda. Kwenye ukingo, vitundu vilijaa kitu cha rangi ya maziwa mazito. Polycarp akampa sindano. Brigita akagusa katikati: laini. Akagusa ukingoni.

"Hapa panakwaruza," alisema. "Kama mchanga kwenye wali."

Ndaki akainama kwa haraka hata akamgonga bega. Alichukua sindano, akagusa palepale mara tatu. "Ni mfupa," alisema taratibu. Kisha akagusa katikati. "Huku bado ni nyama."

"Mfupa utafika huku lini?"

"Sijui. Pengine hautafika kote."

"Basi mwakani unikate tena tuone."

"Siwezi kumpasua mtu kwa ajili ya kuchungulia, mama!" Ndaki alisema. Polycarp alicheka mpaka akavua miwani.

Ndaki alikipeleka kipande Dar es Salaam kikapimwe vizuri, akaahidi kuandika. Barua ilifika parokiani baada ya Pasaka. Ilisema kwamba ukingoni mfupa ulikuwa umeingia kiasi cha unene wa kucha, ukiwa hai, na mishipa yake ya damu. Brigita alimsomea Eustaki mara mbili, kisha akachana karatasi kwenye daftari na kuandika: *Shikamoo Daktari. Nimefurahi sana. Sasa niambie, mfupa unajuaje pa kusimama?*

Ndaki alijibu kwa kurasa mbili zenye michoro ya kalamu. Mahali pawili alikuwa ameandika: *hapa hatujui bado.* Brigita alipachunguza hapo kwa muda mrefu zaidi, huku Eustaki akimshikia taa.