Mama wa Ukurasa wa Kumi na Mbili

Usiku wa jana, kalamu nyekundu ikiwa bado sikioni, niliota nimechelewa kazini na askari wa getini alikuwa kuku.

Hakuwa kuku mgeni. Ni yule mwekundu wa ukurasa wa tatu, ambaye dada yangu Mishi alimchora mguu mmoja mrefu kuliko wa pili kwa sababu Mishi hajawahi kuiweza miguu ya kuku. Alikuwa amevaa kofia ya walinzi wetu na amesimamia ule mguu mrefu.

Nieleze kwanza. Mimi ni mtarjumi. Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, lakini mwaka wa tisa huu nafanya kazi katika matbaa ya chuo kikuu kimoja cha Uarabuni, ambako tunachapa na kutafsiri vitabu kwa ajili ya wasomaji wa Kiarabu. Kitabu kilichokuwa mezani kwangu ni cha watoto. Mishi alikiandika kwa Kiswahili na kukichora mwenyewe, na kinamhusu mama yetu, Bi Maimuna, aliyekuwa kila adhuhuri akipakua wali wa nazi kwenye sinia moja na kulisha watoto wa mtaa mzima. Sharti lake lilikuwa moja tu: asile mtu kwa mkono wa kushoto. Mimi mkono wangu huo ulichapwa makofi mpaka ukasahau njia ya kinywani.

Mama alifariki miezi minne iliyopita. Nilipata habari saa nne asubuhi, akazikwa alasiri, na mimi nikafika siku ya tatu, khitma imeshasomwa. Katika simu yetu ya mwisho aliniambia anataka Waarabu nao wamuone. Basi nikakipigania kitabu hicho mpaka wakubwa wangu wakachoka na mimi, na jana jioni nikaitia sahihi prufu ya mwisho, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya mashine kuanza. Kichapwe saa mbili asubuhi. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nimebakiwa nacho cha kumfanyia mama, na nililala nikijua nimekifanya sawasawa.

"Kitambulisho," alisema kuku.

Nikampa prufu. Akaidonoa pembeni, akaridhika.

"Mama yangu yumo ndani?" niliuliza.

"Ukurasa wa kumi na mbili. Anapakua."

Nilikumbuka kwamba amekufa, lakini kuku hakuonekana kulitilia maanani jambo hilo, nami nikaona nisimsumbue. Nikausukuma mlango wa upande wa kushoto, kama nilivyozoea tangu utotoni kufungua vitabu vya kwetu.

"Huko ni mwisho," alisema kuku. Alisema nilipokwisha kuingia, na mlango ukajifunga.

Ndani ni adhuhuri. Jua ni kali na hakuna kivuli hata kimoja, maana Mishi hachori vivuli. Niko kwenye karatasi nyeupe isiyo na maandishi, na mbele yangu wanaume kumi na watatu wanafukia kaburi. Wote wamenipa mgongo. Mmoja anapiga udongo kwa kisigino.

"Nimewahi?" nikauliza.

"Umewahi mwisho," akajibu yule wa kisigino. "Tumeshamaliza."

Hata kwenye ndoto, jamani. Nilisimama nikautazama ule udongo mbichi na nikahisi aibu ile ile niliyoihisi siku ya tatu, nilipoingia nyumbani na begi lenye vibandiko vya uwanja wa ndege na kila mtu akalitazama begi kabla ya kunitazama mimi.

Nilitaka kurudi ukurasa wa kumi na mbili, ambako bado yu hai. Ulikuwa upande wa kulia, hatua chache tu. Nilisikia upawa ukigonga sufuria. Nikageuka.

"Hapana," ilisema sauti.

Ni Ustadh Munir, mpangaji wetu wa kurasa. Ana rula mkononi na anazungumza Kiswahili cha Mombasa, jambo ambalo halijapata kutokea. Nyuma yake kuna watu wamesimama mstari, na kila mmoja ameelekea kushoto.

"Kila aliyemo humu aelekee kushoto," alisema. "Msomaji wa Kiarabu huanza kulia akaenda kushoto. Mtu akielekea kulia, atagongana naye uso kwa uso. Ndiyo maana tumezigeuza picha zote. Nilikwambia."

Ni kweli aliniambia. Ndivyo tunavyofanya kwa kila kitabu cha watoto kinachotoka nje: picha hugeuzwa kama inavyogeuzwa sura kwenye kioo, ili anayetembea aende na hadithi asiende kinyume nayo. Nilitia sahihi bila ya kuinua kichwa.

"Kisha mstari wako haujajaa," aliongeza.

Kiarabu kinapochapwa, mstari usipofika ukingoni, herufi huvutwa mpaka ufike. Ndio utaratibu wetu. Humu walikuwa wakivutwa watu. Ustadh Munir alimshika bwana mmoja mnene shingoni, akamvuta taratibu, na shingo ikarefuka kwa kadiri ya hatua mbili.

"Inauma?" nikamuuliza yule bwana.

"Haiumi," alisema kutoka mbali. "Ila mke wangu yuko mstari wa chini."

Sikutaka kuvutwa. Nikafikiri haraka, kama wafikirivyo watu wenye makosa. Sheria inasema nielekee kushoto. Haisemi niende kushoto. Basi nikaelekeza uso kushoto kwa adabu zote, na nikaanza kwenda kinyumenyume upande wa kulia.

Ustadh Munir alinitazama, akaipima safari yangu kwa rula, akaandika kitu. Hakunizuia.

Ninakwenda kinyumenyume. Ukurasa wa ishirini na mbili unanipita mbavuni, kisha wa kumi na tisa. Irabu, zile alama ndogo za juu na chini ya herufi, zinanidondokea kichwani kwa wingi. Moja imeng'ang'ania nyusi yangu.

"Uniweke mahali pangu," inasema.

"Nilikuweka. Nimewaweka wote. Nimewahesabu mara sita."

"Ndiyo," inasema. "Ulikuwa ukituangalia sana sisi."

Sikuelewa ilichokusudia. Nilikuwa nimeshaanza kusikia harufu ya tui.

Kwenye ukurasa wa kumi na mbili mgongo wangu uligusa kitu laini chenye joto. Nilijua ni bega lake. Nilijua pia kwamba nikigeuka nitaelekea kulia, na nikielekea kulia nitagongana na msomaji na picha itaharibika. Nikasimama pale, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, nimempa mama yangu mgongo.

"Ni wewe, Twalibu?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mbona waja kitako mbele kama kaa?"

"Ndiyo sheria ya kitabu, mama."

"Haya." Upawa ukagonga sufuria. "Siku ile nalikungoja."

Nilikuwa na majibu mengi kuhusu siku ile. Kuna kibali cha kazi kilichokuwa kinasubiri muhuri, kuna ndege iliyojaa, kuna dini yenyewe inayotaka maiti aharakishwe. Yote ni ya kweli na nimeshawaambia watu wengi. Kwake hayakutoka.

"Nalikuwa naweka irabu, mama," nikasema.

"Naam. Na zilikaa?"

"Zilikaa."

"Basi kula. Wali wapoa."

Mkono ukapita juu ya bega langu na tonge. Wali ulikuwa ukitoa moshi, umefinywa vizuri kama alivyokuwa akiufinya kwa mtoto anayenyonya kidole badala ya kula. Niliutazama ule mkono kwa mapenzi. Kisha nikautazama tena.

Kovu la mafuta ya mahamri, ambalo miaka yote lilikaa juu ya kidole gumba cha kulia, lilikuwepo. Pete ilikuwepo. Kidole gumba kilikuwa upande usio wake. Mama yangu, Bi Maimuna wa Kibokoni, alikuwa akinilisha kwa mkono wa kushoto.

Unapoigeuza picha ili mama aelekee kushoto, na mkono unageuka naye. Mtoto wa chuo cha Kurani angeliona hilo. Mimi niliikagua ile prufu mara sita. Niliangalia kila herufi na kila irabu, na sikumwangalia mama.

"Mama," nikasema polepole, "hebu badilisha mkono."

"Ule mwengine sinao, baba."

"U wapi?"

"Sijui mumeupeleka wapi. Nauinua ule, waja huu. Nimejaribu tangu jana jioni." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonivunja. "Huu ndio mkono mulioniwatia; ndio niliobakiwa nao."

Pale miguuni, chini ya mstari mwembamba mweusi, kitu kikakohoa. Alikuwa mtu wa kimo cha kidole, amelala chali, amevaa miwani kama yangu.

"Mimi ni tanbihi yako," alisema.

"Sikuweka tanbihi kwenye ukurasa huu."

"Hukuweka. Lakini msomaji wa Kiarabu atashangaa, na penye mshangao lazima pawe na maelezo, tena kwa jina la mtarjumi." Akafungua kikaratasi, akasoma kwa sauti ya mwalimu: "Katika desturi za Waswahili, mama huwalisha wanawe kwa mkono wa kushoto."

"Uongo!"

"Ndivyo picha inavyoonyesha."

"Futa!"

"Nitafutika picha ikibadilika," alisema, akavua miwani na kuipangusa. "Mimi naeleza tu kilichopo."

"Yuasema nini huyo chini?" akauliza mama.

"Hasemi kitu, mama."

Kumdanganya mama ukiwa umempa mgongo ni jambo jepesi kuliko nilivyodhani. Kwa watoto wa Kiarabu watakaokisoma kitabu atakuwa huyu huyu: mwanamke fulani wa pwani, asiye na adabu ya chakula, na mwanawe ndiye aliyemtia sahihi. Mwenyewe alitaka tu wamuone.

Ndipo mbingu ikaingia giza, na nilipoinua macho niliona haikuwa mbingu. Ulikuwa muhuri wangu wa kazini, mpana kama uwanja, na chini yake limeandikwa jina langu kwa wino mbichi.

"Ustadh Twalib," ulisema kwa heshima, "ni saa mbili kasoro. Nishuke?"

"Usishuke! Kuna kosa ukurasa wa kumi na mbili."

"Umeandika: sahihi, kichapwe."

"Nilikosea."

"Hilo hujaliandika," ulisema muhuri, na ukaanza kushuka.

Nikapapasa sikioni nitafute kalamu. Haikuwepo. Mkono wa mama ulikuwa bado uko mbele ya kinywa changu.

"Kula basi, baba. Piga bismillahi ule. Mkono wanichoka."

Nami nikafumba kinywa. Sijui niliseme vipi hili. Nilikuwa na njaa ya tonge lile kwa miezi minne, na nikafumba kinywa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba cha mkono wa kushoto si cha kupokea. Nilidhani namtii. Alingoja. Akangoja tena.

"Haya, baba," alisema mwishowe.

Mkono ukarudi nyuma, wali ukamwagika begani pangu, na muhuri ukatufikia.

Niliamka nimelalia nakala yangu ya prufu. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima, na saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika kumi na saba. Kalamu ilikuwa sikioni.

Simu ilikuwa na ujumbe wa Ustadh Munir, kwa Kiarabu chake cha siku zote: mashine imeshaanza, alhamdulillahi, kimetoka kizuri, mabruk, hongera.

Nikaishika simu kwa mkono wa kulia na kumpigia. Ikawa inaita. Pale chini kwenye mashine hakuna anayesikia simu, kila mtu kazini anajua hilo. Nikaendelea kuiacha iite, na huku kwa mkono wa pili nikaifungua prufu ukurasa wa kumi na mbili.

Mama ameketi mbele ya sinia, ameelekea kushoto, anacheka. Tonge liko hewani, na mkono ulioshika tonge ni wa kushoto.

Chini ya picha hakukuwa na tanbihi. Kulikuwa na punje moja ya wali, imenasa kwenye mshono wa kurasa. Nikadhani ni kipande cha karatasi. Nikaigusa, na ilikuwa na mafuta ya tui na bado ina vuguvugu. Nyumbani kwangu hapa sijabandika wali tangu niliporudi kutoka Mombasa; nakula mkate.

Simu iliendelea kuita. Sikuthubutu kuiweka chini, huenda akapokea, huenda zikabaki hata nakala mia ambazo hazijachapwa.

Basi nikapiga bismillahi, nikaiokota ile punje, na nikaila kwa mkono niliobakiwa nao.