Ndevu za Mashine Namba Saba

Jumatatu asubuhi, kabla king'ora hakijanyamaza, Dismas alichukua kitambaa chake kuukuu akaanza kuipangusa mashine namba saba, kama alivyofanya kila siku tangu aajiriwe kufuma katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda, Thika. Alipofika chini ya upau wa mbele, kitambaa kikakwama. Akainama kutazama. Upau ulikuwa umeota ndevu. Zilikuwa fupi, nyeusi, ngumu, na upande wa kushoto palikuwa na kikovu kisichoota kitu, sawasawa na kile alichokuwa nacho yeye kidevuni tangu alipoanguka na baiskeli akiwa mdogo, kwao Kimilili. Dismas akajipapasa kidevu. Kilikuwa laini, na hakuwa amenyoa tangu wiki ya nyuma.

Msimamizi wao, Macharia, alipita na kikombe cha chai mkononi. Akachungulia.

"Ni zako?"

"Nadhani ni zangu, mzee."

"Basi zinyoe, zisinase uzi," akasema, akaenda zake kutafuta sukari.

Miezi mitatu kabla ya hapo mashine hiyohiyo ilikuwa imempiga. Mle ndani mna kipande cha mbao chenye ncha za chuma, wenyewe hukiita shato, kinachokimbia na uzi kushoto kulia, kushoto kulia, kutwa nzima, kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Zamani kulikuwa na wavu wa chuma wa kuzuia shato isichomoke. Halafu mitumba ikajaa sokoni, wakubwa wakaingiwa na kiwewe, wakaona wavu unachelewesha mtu kubadilisha uzi. Ukang'olewa. Shato ilichomoka ikamgonga Dismas pale ambapo mwanamume hapendi kugongwa hata na mtoto anayecheza. Hospitalini walimtoa korodani moja. Daktari wa kiwanda, mtu wa haraka, alimwambia huku akivaa koti lake, "Moja inatosha. Na mtoto si unaye? Rudi kazini." Kwa wenzake Dismas alisema amegongwa paja, na likabaki kuwa paja. Wavu haukurudishwa.

Na kweli moja humtosha mtu. Wako wengi wanaoishi nayo raha mustarehe, na jirani hajui. Lakini Dismas hakuwa na raha hata chembe. Joto lilimpanda ghafla kifuani mpaka masikioni, akalowa jasho asubuhi za baridi ya Julai, wenzake wakiwa wamevaa sweta mbilimbili. Alichoka kabla ya kuanza kazi. Siku moja alimwona paka aliyenyeshewa, akalia. Kitandani alimpa mkewe mgongo, si kwa hasira. Hamu ilikuwa imehama kama mpangaji anayeondoka bila kuaga.

Aliogopa, jamani. Aliogopa bafu la mabati la ploti yao pale Witeithie, ambalo wapangaji wote walioga humo. Aliogopa askari wa getini waliowapapasa wafanyakazi kila jioni wakitafuta nguo za wizi. Mkono uliposhuka kiunoni mwake, moyo ulimpasuka. Na zaidi ya yote aliogopa kwamba anakwisha kidogo kidogo, na kwamba ipo siku mkewe ataamka akute amelala na mtu asiyemjua.

Mashine namba saba, yenyewe, ilinawiri. Kila asubuhi Dismas aliipaka povu la sabuni akainyoa, nayo ikatulia tuli. Ikishanyolewa ilifuma kuliko mashine yoyote humo ndani, haikati uzi wala haichoki. Chuma chake kilianza kunuka kwapa la mtu aliyetoka kulima. Wakubwa walikuja kuitazama, wakafurahi, mmoja akaipigapiga ubavuni. Dismas aliuhisi mkono ule ubavuni mwake mwenyewe. Akashikilia ukuta.

Mchana huo alipiga moyo konde akamfuata Macharia.

"Mzee, naomba ruhusa siku moja tu. Nione daktari."

"Unaumwa nini?"

Wenzake wawili walikuwa karibu wakila githeri. Dismas akatazama sakafu.

"Tumbo."

"Tumbo! Kunywa maji ya moto, bwana. Hiyo mashine ikilala siku nzima, mimi nitawaambia nini wakubwa?"

Dismas akarudi kwa mashine yake. Ilikuwa imeanza tena kuota.

Jumamosi moja mkewe, Nakhumicha, alimngoja mpaka binti yao Becky alipotoka kwenda kucheza, akafunga mlango.

"Baba Becky, kaa hapo. Una mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Basi ni nini? Miezi yote hii nalala na ukuta. Umeota kifua kama changu, hunyoi, hata kunigombeza hunigombezi tena. Kama umenichoka sema, nirudi kwetu."

Dismas alitaka kusema ni uchovu wa kazi. Ulimi ukakataa.

"Ndevu zangu ziko kwa mashine," akasema.

Nakhumicha alilipunguza jiko moto, sufuria ya maharagwe isimwagike.

"Na ile kazi yako ya huku ndani, nayo iko kwa mashine?"

"Nafikiri."

"Sasa mimi ndiyo niende nikalale na mashine?"

Dismas alianza kucheka. Kicheko kikamgeukia, akalia mpaka kamasi ikamtoka, akamwambia yote, paja na lisilo paja. Nakhumicha alimfuta uso kwa leso yake. Hakumwambia ajikaze kisabuni. Alimwambia avae viatu.

Walikwenda Ruiru, Gatongora, kwa daktari mmoja aliyeitwa Ruqayya, ambaye wanaume wa machimbo ya mawe walimwendea kwa sababu hakuwa na mdomo. Alivuta pazia, akampima taratibu, uso wake ukiwa uleule aliomsalimia nao.

"Hii iliyobaki nayo iliumia," akasema. "Imesinyaa. Hakuna aliyeipima?"

"Waliniambia moja inatosha."

"Inatosha ikiwa nzima."

Alimtoa damu ikapelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi aliwakalisha wote wawili. Ile homoni ya kiume, alisema, ndiyo inayoleta ndevu na nguvu na hamu, hata mifupa huitegemea, na kwa Dismas ilikuwa imebaki kiduchu. Hakurogwa. Uanaume wake haukwenda popote. Mwili ulikuwa na njaa ya kitu chake, nao ungelishwa. Angedungwa sindano kila baada ya wiki tatu, pengine maisha yake yote, na damu ipimwe mara kwa mara.

"Na zile ndevu za mashine, daktari?"

"Mashine sitibu," akasema Ruqayya, akatayarisha sindano.

Haikuwa siku moja wala wiki moja. Lakini ilifika asubuhi Nakhumicha akamgusa mumewe shavu, kidole kikakwaruzwa, akatabasamu gizani. Kiwandani, mashine namba saba iliota vinyweleo vichache, kisha hakuna. Ikaanza kukata uzi. Ikawa inapumzika katikati ya kazi, na mara nyingine ilitoa jasho la mafuta bila sababu. Wakubwa wakanuna. Macharia alimtazama Dismas kidevu kwa muda mrefu, akamhamishia stoo.

Stoo ilikuwa nyuma, penye marobota ya pamba. Siku moja, wenzake wamekwenda kula, Dismas alizunguka nyuma ya marobota kutafuta magunia. Akamkuta Macharia amepiga magoti kando ya mashine kuukuu iliyovuliwa turubai, mikono ya shati imekunjwa. Alikuwa anainyoa. Ndevu za mashine hiyo zilikuwa nyeupe pepe.

Kiwanda kizima kilikuwa kikimsifu Macharia kwa kunyoa vizuri. Dismas alikitazama kidevu chake kwa karibu kwa mara ya kwanza. Hakikuwa kimenyolewa; hakikuwa na hata kinyweleo cha kunyoa.

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu nikiwa kijana kuliko wewe. Hata mimi niliambiwa moja inatosha."

"Iko sindano. Ruiru. Nitakupeleka mwenyewe."

Macharia alisuuza wembe ndani ya kopo.

"Mke wangu akaniuliza, miaka hiyo. Nikamwambia nimechoka na kazi. Akangoja, akachoka kungoja." Akaendelea kunyoa. "Sindano ya nini sasa?"

"Basi wavu, mzee. Waambie wakubwa warudishe wavu. Wewe watakusikia."

"Wao wana habari ya paja tu, lako na langu. Paja halirudishi wavu. Uko tayari kwenda kuwaambia ile nyingine? Pale mbele, watu wote wakisikia?"

Dismas aliwaza bafu la mabati, na askari wa getini, na vicheko vya wakati wa githeri. Jasho likamtoka, na safari hii halikuwa la ugonjwa.

"Haya, nishikilie hapa," akasema Macharia, "pana kona mbaya."

Dismas akashikilia. Ndevu zilikuwa za moto kama za mtu mzima mwenye homa.

Wiki iliyofuata mashine namba saba ilipewa mtu mpya, Austine, aliyekuwa ametoka kufunga ndoa na bado aliinamisha kichwa na kucheka kila alipotaniwa. Dismas alimletea uzi kutoka stoo. Akamkuta amesimama katikati kabisa, mbele ya mashine, akiimba kwa sauti ndogo. Roho ikamruka. Akamshika bega, akamvuta kando.

"Usisimame hapo. Simama upande."

"Kwa nini, bro?"

Wafumaji wa kulia na kushoto waligeuka kusikiliza. Kule mwisho wa safu Macharia alikuwa amesimama na kikombe chake, hanywi.

"Shato huchomoka," akasema Dismas. "Hugonga paja."

"Paja tu?" Austine akacheka, akarudi kusimama katikati, akawasha mashine.